Maombi Niliyoshindwa Kuyafunga

Najua wengi wenu mliiona ile video kwa simu, ile fupi yenye mtu amevaa nyekundu anamalizia maombi na watu wanacheka, na mkacheka pia, mkatumia wenzenu, bila kujua huyo mtu ndiye huyu mnayekunywa naye chai hapa. Ndiyo mimi. Nimenyamaza muda mrefu nikidhani itapita, lakini juzi mtu wa bodaboda aliniangalia sana kwa kioo akaniuliza kama mimi si yule askofu, kwa hivyo afadhali mniskie mimi mwenyewe, kwa sababu kwa simu mnaona mwisho tu, na ule mwisho peke yake unanionyesha kama mtu amerukwa na akili, na mimi ile siku niliamka na akili zangu zote, nia nzuri, na viatu vimepigwa rangi mpaka kisigino.

Kwanza mjue kazi yangu, maana hapo ndipo mambo yanaanzia. Mimi ni mwalimu wa muda wa chuo kikuu, wale wanaitwa part-time. Katikati ya wiki niko kampasi ya hapa Kitui, Jumamosi niko mji wa Wote, kwa chuo kingine kabisa, na kote nafundisha Communication, yaani namna ya kuongea mbele ya watu bila kujiaibisha (chekeni sasa tumalizane na hiyo). Mwalimu wa muda hana ofisi, ofisi yangu ni benchi la nje ya kantini, hapo chini ya dirisha la kuuzia chapati, na mwanafunzi akitaka kuniona ananiuliza swali la mtihani huku mtu anapitisha supu juu ya kichwa chake. Hana bima, hana likizo, hana tarehe ya mshahara. Unafundisha, unatunga mtihani, unasahihisha marundo ya karatasi, unapeleka alama, unaomba ulipwe, halafu unangoja, na semista mpya inaanza kabla ya ile ya zamani kulipwa, na unaingia tena darasani kwa sababu ukikataa, wa kukubali yuko nyuma yako kwa mlango. Na darasa langu si darasa, ni ukumbi mzima wa mwaka wa kwanza, wengine wamekaa madirishani, hakuna maikrofoni, mpaka ikifika Ijumaa sauti yangu ni ya jogoo mwenye homa. Lakini wacha niseme ukweli, nikisimama hapo mbele na wale vijana wanyamaze waniskie, nasahau hata njaa. Ndiyo maana sijaacha.

Sasa, mama yangu anakaa Kilungu, juu kabisa milimani, na yeye haya yote alikuwa hayajui. Kwake mimi ni Profesa. Nilipopata zile saa za kwanza za kufundisha nilimpigia simu nikamwambia, Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, nimeanza kufundisha chuo kikuu, na Jumapili iliyofuata akasimama kanisani akashukuru, na kutoka hapo nikawa Profesa Mutuku kutoka barabara kuu mpaka mtoni. Sikumdanganya. Nilikosa tu kumrekebisha, na kila nilipokosa ilikuwa ngumu zaidi kuanza. Nikienda nyumbani na suti yangu moja, wazee wananipisha kiti, na mimi nakaa.

Basi mwaka huo msichana wa jirani yetu, Ndanu, ambaye nilimfundisha mwenyewe kwa ule ukumbi, alikuwa anahitimu. Mama akanipigia simu kwa furaha mpaka nilikuwa naskia akitembea huku na huku. Akaniambia kikundi chao cha akina mama wa kanisa wameitisha basi dogo, wanakuja wote kumsindikiza Ndanu, wameshona hata vitenge vya rangi moja, na kusema kweli, akasema akishusha sauti, wengi hawaji kwa sababu ya Ndanu, wanakuja kuniona mimi nikipita na wale wasomi wakubwa wenye majoho. Akaniuliza nitapita upande gani ili wakae vizuri. Hapo ndipo nilikuwa na nafasi. Ningesema, Mwaitu, sisi wa muda hatupiti. Sentensi moja, na leo hamngekuwa na video.

Nikamwambia, "Mtaniona."

Siku chache kabla ya mahafali tukapangiwa kazi zetu sisi walimu wa muda. Rafiki yangu Kilonzo, anayefundisha hesabu (naye ofisi yake ni lile benchi langu, upande wa kushoto), ndiye aliniletea habari. Hakuna majoho, hakuna maandamano, kila mmoja wetu atavaa jaketi la njano la reflekta na kuelekeza wageni, wengine kwenye vyoo, wengine kwenye mahema, na tutapewa chakula cha mchana. Nikamuuliza mimi nimewekwa wapi. Akasema tuko wote wawili geti la magari ya wageni. Yaani basi la mama likiingia, mtu wa kwanza kulipungia mkono lirudi nyuma kidogo, kata kushoto, haya simama hapo, ni Profesa.

Nilifikiria kukodisha joho la chuo, lakini pesa za kukodisha zilikuwa kwa chuo chenyewe, ndani ya zile nilizokuwa nawadai. Nikaenda mazoezi ya kwaya jioni hiyo nikiwa nimevunjika moyo (mimi naimba sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, kanisani kwetu hapa mjini), nikafungua kabati la mavazi, na nikaliona joho langu limening'inia. Joho ni joho, nikajiambia. Lina mikono mipana, linafika chini, lina ukingo wa manjano. Ubaya wake ni mbili tu, kwanza ni jekundu, jekundu la kweli, na pili lina msalaba wa manjano hapa kifuani, mkubwa kama sahani.

Kilonzo alipoliona hakucheka. Aliligeuza mbele na nyuma akasema, "Mutuku, hii si joho ya chuo, hii ni Krismasi."

Nikamweleza mpango wangu, na mpango ulikuwa mzuri, hata sasa nasema ulikuwa mzuri. Nitajiingiza mkiani kabisa kwa wahadhiri, nimeshika kitabu cha ratiba ya mahafali hapa kifuani kufunika msalaba, nitapita mbele ya hema la wazazi, mama ataniona, akina mama wataniona, halafu kabla ya kufika jukwaani natoka kando nyuma ya mahema kama mtu anaitwa na simu, navua joho, navaa jaketi, narudi geti. Kilonzo akakubali kunishikia geti. Alisema anakubali kwa sababu ya mama tu.

Siku yenyewe jua lilitoka na hasira. Uwanja umejaa, mahema meupe, vumbi, watoto na maua ya plastiki shingoni, bendi inajaribu tarumbeta, na mimi niko nyuma ya tangi la maji navaa joho huku moyo unapiga kama mimi ndiye nahitimu. Maandamano yakajipanga. Wahadhiri wote wamevaa nyeusi, na vitambaa vya buluu na kijani mgongoni, na mimi nikajipenyeza nyuma yao nikakaa hapo kama nyanya kwa gunia la makaa. Wachache waligeuka wakaniangalia. Nikawasalimia kwa heshima, wakarudisha macho mbele. Mambo yalikuwa yanaenda.

Halafu bendi ikaanza na nikashtuka, na nikashusha kitabu.

Kulikuwa na bwana mmoja wa itifaki, mwembamba, redio sikioni, jasho tele, anakimbia juu na chini kama mtu amepoteza mtoto sokoni. Aliuona ule msalaba. Uso wake wote ukafunguka, akanikimbilia, akanishika kiwiko kwa mikono miwili.

"Askofu," akasema, "tumekutafuta sana. Njoo mbele."

Mnaniuliza kwa nini sikukataa. Nilianza kukataa. Nilisema, hapana, ndugu, mimi ni, lakini tayari tulikuwa tunatembea haraka, tukipita wale wenye majoho meusi wote mmoja mmoja, na pia kuna kitu kingine ambacho nimekuja kukielewa baadaye, kwamba tangu nianze kufundisha chuo hicho hakuna mtu hata mmoja wa ofisi aliyewahi kuniambia amenitafuta. Miguu yangu ilimskia huyo mtu kabla ya kichwa. Kufumba na kufumbua niko safu ya kwanza, kando ya mkuu wa chuo mwenyewe na mnyororo wake wa dhahabu, na maandamano yakaondoka, na hakuna mahali pa kuchepukia maana pande zote ni wapiga picha.

Tukafika hema la wazazi. Akina mama wa Kilungu walikuwa wamekamata safu ya mbele yote, vitenge vya kijani, vilemba vya kijani, na mama katikati. Walikuwa wanaangalia nyuma, mkiani, wakinitafuta kwa wale wahadhiri wa kawaida, ndipo mmoja akanionyesha kwa kidole, mbele kabisa, mwekundu, na jamani, vile vigelegele. Sauti ya bendi ilipotea. Walisimama, wakapanda juu ya viti, wakaimba jina langu, na mama peke yake hakupiga kigelegele, alisimama tu mkono umefunika mdomo. Nikajiskia nimekuwa mrefu. Nikainua mkono niwapungie, lakini kwa sababu ya ile mikono mipana ya joho ikatokea kama baraka, na hema lote, watu hata hatujuani, wakainamisha vichwa wakaipokea.

Jukwaani nikapewa kiti kilichoandikwa Askofu. Kulia kwangu alikaa msajili wa chuo, Daktari Mbithe. Huyu mama mlango wake naujua kuliko mlango wangu wa nyumba, maana hapo ndipo tunaenda kuulizia malipo, na kila mara tunaambiwa na katibu wake kwamba hayuko. Akanigeukia, nikajua sasa nimekwisha. Akatabasamu, akaniuliza kama barabara ya kutoka Mwingi ilikuwa nzuri. Hakunijua. Nimefundisha watoto wa chuo chake miaka minne na hakunijua. Nikasema barabara ilikuwa nzuri, Mungu ni mwema. Nilikuwa napanga kushikwa na tumbo, niombe ruhusa niondoke polepole, lakini wimbo wa taifa ukaimbwa, tukaimba, na kabla sijakaa, mwenye kipaza sauti akasema kwa heshima zote anamkaribisha Askofu atufungulie kwa maombi.

Uwanja mzima ukasimama. Vichwa vikainama. Nikapewa maikrofoni.

Kuomba si shida kwangu, mimi nimezaliwa kanisani, na hata niliona hii ni njia, niombe kidogo, niseme amina, nishuke upande wa nyuma wakati watu wanaketi. Nikaanza vizuri. Nikashukuru kwa siku, nikaombea mvua (huku kwetu hakuna maombi yanafunguliwa bila mvua), nikaombea wanaohitimu wapate kazi, na wazazi waliouza mbuzi na ng'ombe mpaka zizi likabaki na kamba tu. Amina zilikuwa zinarudi nzito, na ile maikrofoni, mimi ambaye nimepigia kelele ukumbi miaka yote bila maikrofoni, sauti yangu ikienda mpaka barabarani na kurudi, mwili ukaanza kunisisimka. Nikafika karibu na kumaliza. Nikafungua jicho moja kuangalia ngazi ziko wapi.

Chini ya zile ngazi alikuwa amesimama mzee mmoja, shati la zambarau, kola nyeupe, msalaba wa shaba kifuani, suruali ina vumbi magotini kama mtu aliyekuwa amepiga magoti kubadilisha gurudumu. Macho amefumba. Mikono amekunja. Ananijibu amina.

Nilijua ni nani. Nilijua pia kitu kimoja, kwamba mtu anapoomba, huku kwetu hakuna anayesonga. Walinzi wamesimama wamevua kofia. Yule bwana wa itifaki alikuwa amemwona askofu wa kweli, na ameniona mimi, na mdomo uko wazi, lakini hata yeye hakuweza kuinua mguu. Nilipoelewa hivyo, nikaelewa na lingine, kwamba mimi niko salama mpaka niseme amina. Baada ya hapo hakuna wa kuniokoa.

Basi sikusema.

Nikarudi nikaombea kaunti. Nikaombea Mwingi, wafanyabiashara wa mifugo, madereva wa malori ya njia ya Garissa, wasilale wakiendesha. Nikateremka Mutomo, nikaombea wagonjwa hospitalini, nikaombea mbuzi wapate majani. Nikavuka nikaingia Makueni, nikaombea machungwa ya Wote, nikapanda milima ya Kilungu nikaombea parachichi. Nikaombea nyuki. Niliskia watu wakianza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mtoto akalia akanyamazishwa, mtu wa bendi akaweka tarumbeta chini polepole, na kila nikifungua jicho askofu bado yuko, mvumilivu, amina, amina. Nikaombea waliosafiri kwa ndege. Nikaombea wanaochimba visima, na visima vyenyewe.

Na ikaisha. Yaani maneno yakaisha kabisa, kichwa kikabaki kama debe limegeuzwa chini juu, na kwa ule utupu kitu pekee kilichobaki ni kile ninachoomba mimi mwenyewe nyumbani kila siku, na kikatoka kabla sijakiangalia.

"Na Baba, uwakumbuke walimu wa muda wa chuo hiki," nikasema. "Wanaofundisha bila kiti, wakisahihisha karatasi kwa benchi la kantini. Hawa vijana wote waliovaa majoho leo, Baba, wamepita mikononi mwao. Uwakumbuke wale waliokatiwa stima wakitunga mitihani. Na mshahara wao, Baba, wewe unajua uko wapi, kwa maana sisi hatujui."

Sisi. Neno dogo hivyo.

Amina ya kwanza ikatoka mbali, getini, na niliijua ni ya Kilonzo. Ikafuatwa na nyingine kutoka upande wa vyoo, na nyingine kutoka nyuma ya mahema, jaketi za njano pande zote za uwanja, halafu wanaohitimu wakaamka. Kijana mmoja akapaza sauti kwamba huyu si askofu, huyu ni Mutuku wa Communication, na wale waliokaa ule ukumbi wangu, na ni karibu wote, wakaitikia amina moja iliyotikisa turubai. Kofia zikarushwa juu kabla ya wakati wake. Simu zote zikatoka. Hapo ndipo video yenu inaanzia.

Sikuwa na la kufanya. Nikasema amina.

Askofu akapanda ngazi, akanishika mkono, akaniuliza kwa upole natoka kanisa gani. Nikamwambia mimi ni wa kwaya, sauti ya tena. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la maana. Lakini Daktari Mbithe alikuwa amesimama, na hakuwa anatabasamu tena, na mimi kwa kuchanganyikiwa nilikuwa bado nimeshika maikrofoni hapa chini ya kidevu, inafanya kazi.

"Wewe ni nani?" akauliza, na uwanja mzima ukaskia.

Nikamwambia naitwa Mutuku, nafundisha hapa.

"Tangu lini?"

"Miaka minne, Daktari."

"Mbona mimi sikujui?"

Sikukusudia ubaya. Ni vile nilimjibu ukweli, kama mwanafunzi ameulizwa swali analolijua. "Huwa nakuja kwa ofisi yako kuulizia malipo," nikasema, "na huwa naambiwa hauko."

Kicheko cha uwanja mzima si kama kicheko cha watu wawili watatu, kinakupiga usoni kama joto la jiko. Mkuu wa chuo alikuwa anaangalia viatu vyake na mnyororo unacheza kifuani. Walinzi wawili wakaja wakanishika, si kwa nguvu, mmoja wao hata alinishikilia pindo la joho nisijikwae, na nikateremshwa kwa njia ile ile niliyopandia, mbele ya hema la wazazi, mbele ya vitenge vya kijani, vigelegele vimekwisha. Sikuweza kumwangalia mama. Niliona viatu vyake tu, vile vyeusi vya kanisani.

Alinifuata nyuma ya mahema. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti ya soda, joho nimelivua nimelifunga kama mzigo, na nikamweleza yote, kwamba mimi si Profesa, si mwajiriwa hata, naitwa kukiwa na darasa na naachwa kukiwa hakuna, na hilo la malipo ndivyo lilivyo, na hii njano yote anayoona hapa ni walimu wenzangu. Nilingoja anikaripie. Mama huwa hana maneno mengi akiumia.

"Kwa hivyo kila ukija nyumbani na sukari," akasema, "ulikuwa unaitoa wapi?"

Nikasema nakopa. Akasema ningemwambia. Akasema yeye amebeba maji kutoka mtoni miaka yote, hakuna kitu ningemwambia kingemshinda kubeba. Halafu akauliza wale wenye jaketi wamekula, nikasema tulipaswa kupewa chakula cha mchana lakini nadhani sasa hatutapewa, na akageuka akaondoka, na mimi nikajua nimempoteza.

Alikuwa ameenda kwa basi. Chakula walichokuwa wamebeba cha kumsherehekea Ndanu, chapati, kuku, isyo ya mahindi na maharagwe kwa sufuria kubwa iliyofungwa kwa leso, maparachichi gunia zima, akina mama walikiteremsha hapo karibu na geti, na mama akawaita walimu wa muda mmoja mmoja kwa kuwapungia mkono, njoo, njoo ule. Na Ndanu mwenyewe, na joho lake la kuhitimu, alikuwa anapakua. Kilonzo, ambaye nimekuwa nikimjua kwa ukali wake wa hesabu, alikula amegeuka ukutani kwa sababu hakutaka tumwone macho. Mwalimu mmoja wa uhasibu, mama mtu mzima, alimwambia mama kwamba hajawahi kuwaona wenzake wote mahali pamoja. Kweli hatukuwa tumewahi kukutana. Kila mtu na benchi lake.

Jumatatu nikaitwa kwa msajili. Nilienda nikiwa tayari kufukuzwa, suti ile moja, na nilipofika kwa ile koridoo nikawakuta wamesimama pande zote mbili za ukuta, Kilonzo na wengine, wengine hata walikuwa wamesafiri asubuhi hiyo kutoka kampasi nyingine. Hakuna aliyewaita. Daktari Mbithe alipofungua mlango kunitafuta aliwaona wote, na alisimama hapo akiwaangalia uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa koridoo. Hakuomba msamaha na mimi sikumtarajia aombe. Aliniambia nimeaibisha chuo, na hilo ni kweli, na kwamba semista inayofuata sitapewa darasa. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza, kama hao wote nje ni wa muda. Nikasema hao ni wale waliopata nauli.

Ilivyokuwa baadaye msiifanye hadithi tamu. Tulilipwa semista moja, ile ya zamani zaidi, na zingine bado tunangoja, lakini siku hizi tunaenda kuulizia tukiwa wengi, na katibu amesahau lile neno la hayuko. Mimi nilikaa nje semista nzima kama nilivyoambiwa, nikiishi na zile Jumamosi za Wote, halafu nikaitwa tena, si kwa huruma, ni kwa sababu hawakupata mtu mwingine wa kupigia kelele ule ukumbi. Nilikubali. Siku ya kwanza nikaingia, vijana wakasimama wote wakainamisha vichwa, wakangoja niwaombee.

Na nimeapa. Sitavaa tena nguo inayonitambulisha kwa jina lisilo langu, na mama akiniuliza kitu nitamjibu vile kilivyo, hata kikiwa cha kuchekesha watu. Kanisani Kilungu sasa wananiita Mwalimu, basi, na kiti bado wananipisha.

Karamu ya Ndanu ilirudiwa nyumbani kwao, kwa vile ile ya kwanza tuliila sisi. Nilienda. Mchungaji, sijui kama ni kwa utani, akanisimamisha nifungue kwa maombi, na watu wakaanza kucheka kabla sijafumba macho. Niliomba sentensi mbili. Nilimaliza haraka mpaka mzee mmoja alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka kikombe. Jioni nikiondoka babake Ndanu akanifuata mpaka njiani na jogoo mkubwa mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, akanikabidhi, akasema ni malipo ya maombi. Nilijaribu kukataa, akakataa nikatae. Nikateremka mlima nimemkumbatia huyo jogoo, najicheka peke yangu, maana nimefundisha vyuo viwili miaka yote hii, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimelipwa siku ile ile ya kazi.